Msemaji Akivuliwa

Matroni Anyesi Mlowe hajawahi kunifurahisha kwa tabia. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nimehongwa nimsifu. Ana sauti ya kuamsha wafu, hucheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza, na katika Kituo cha Afya Njiapanda, hapa kwetu Makambako, sijaona kikao ambacho mtu mwingine alipata nafasi ya kukifunga. Mimi ni Sanga, mfamasia. Tumegombana naye kuanzia funguo za stoo mpaka sukari ya chai. Lakini yule mama ana macho, na siku ile niliyaona yakifanya kazi.

Nilikuwa nimeingia chumba cha uchunguzi kumdai hizo hizo funguo. Nje ukungu ulikuwa umeilalia njia ya treni, na baridi ilikuwa ile yetu ya kuuma masikio. Mama Jenifa akaingia na mgonjwa.

Huyu Mama Jenifa tulimpenda sote. Alikuwa mlezi wa wafanyakazi wa Kampuni ya Mavuno Marefu, wale wanaolima uyoga katika maghorofa yasiyo na madirisha nyuma ya stesheni ya mizigo. Hakuwahi kuruka foleni. Kila alipokuja alituletea maparachichi, na kila mgonjwa aliyemleta alimwita "binti yangu".

"Kamwene, Bwana Sanga," akanisalimia.

"Kamwene, mama. Leo nani tena?"

"Huyu binti yangu, tumbo. Ni mgeni, katoka ng'ambo ya ziwa, Kiswahili hajui hata salamu. Lakini Msemaji wake yupo."

Mgonjwa alikuwa msichana mwembamba, mtu mzima tayari, aliyefinya macho kwa mwanga wa taa kama aliyetoka shimoni. Kooni alikuwa na Msemaji, kidani cha shaba kilichobana ngozi. Siku hizi kila mfanyakazi wa mkataba anavaa hicho kidude. Ukimuuliza mgonjwa swali, kidani ndicho kinalisikia, kinatafuta jibu katika kumbukumbu zake za afya, kisha kinakujibu kwa Kiswahili safi na kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe, ambayo kimejifunza kuiiga. Kilibuniwa kwa nia njema, maana wageni walikuwa wengi na wakalimani wachache. Foleni zetu zikayeyuka. Mkoa ukatupa cheti cha huduma ya haraka, tukakitundika mapokezi. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: tukaacha kuwatazama wagonjwa usoni, tukawa tunazungumza na shingo.

"Tumbo limeanza lini, mwanangu?" Matroni akauliza.

"Juzi. Maumivu ni kidogo, naendelea vizuri," ikajibu sauti laini ya kike. Midomo ya msichana haikusogea, na hilo halikumshangaza mtu.

Matroni akamlaza, akamfunua tumbo, akabonyeza chini ya kitovu. Msichana akakunja vidole vya miguu. Machozi yakamshuka mpaka masikioni.

"Hapa panauma?"

"Hapana, asante," kikasema kidani.

Matroni akabonyeza tena, taratibu zaidi, na safari hii hakutazama tumbo wala shingo. Alimtazama yule msichana machoni.

"Na hapa?"

"Hapana, asante."

Mimi nilikuwepo. Machozi niliyaona na jibu nililisikia, na nikiri kwamba kilichonikera wakati ule kilikuwa funguo za stoo. Mama Jenifa akacheka kidogo, akampapasa msichana bega. "Ni mdeko tu. Mpeni vidonge viwili vya maumivu turudi kazini."

"La," Matroni akasema. "Huyu anahitaji Sumaku."

Sumaku ndiyo mashine yetu kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili. Ilikuwa imekufa. Mafundi walikuwa wameng'oa kifaa chake cha kati na kukipeleka Mbeya, na kila mtu kituoni alijua. Nikafungua mdomo wangu huu.

"Lakini Matroni, Sumaku si..."

Kisigino cha Matroni kikatua juu ya vidole vyangu.

"Si ya kuchezea, kweli kabisa," akanimalizia. "Bwana Sanga anakukumbusha sheria, Mama Jenifa. Chumba kile hakiingii chuma. Sio simu, sio pete, sio kidani. Na msindikizaji anabaki nje. Mwaka jana tulimsahau mzee mmoja na meno yake ya bandia, mpaka leo tunayatafuta."

Mama Jenifa hakucheka. "Bila Msemaji mtaongea naye vipi?"

"Nani anaongea na picha, mama? Atalala, mashine itagonga, atatoka. Bwana Sanga, nisaidie kusukuma kitanda."

Nikasukuma huku nikichechemea. Kidani kikabaki kwenye sahani mikononi mwa Mama Jenifa, mlango mzito ukajifunga, nasi tukawa watatu mbele ya mashine iliyokufa. Matroni akanipa mti wa dripu.

"Gonga ubavuni mwa mashine," akaninong'oneza. "Anajua Sumaku inavyopiga kelele. Lakini ngoja kwanza."

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya mtu yeyote, hata Mkuu wa Mkoa. Alichuchumaa, akawa chini kuliko mgonjwa.

"Mwanangu, naitwa Anyesi, mimi ni muuguzi. Humu ndani hakuna kitu kinachotusikia. Huyu ni Bwana Sanga wa dawa. Anaweza kubaki agonge, ili aliye nje adhani mashine inafanya kazi. Ukitaka atoke, atatoka, nitagonga mwenyewe. Unasemaje?"

Nikafikiri: anampotezea muda, si tumeambiwa Kiswahili hajui? Msichana akameza mate mara kadhaa. Sauti ilipotoka ilikuwa nzito na yenye kutu, haikufanana kabisa na ile laini tuliyokuwa tukiisikia.

"Abaki."

Nikaanza kugonga.

"Kwenu wapi?" Matroni akauliza.

"Liuli."

Mti wa dripu ukanisimama mkononi. Liuli! Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wetu huu huu; nina shemeji kule. Mtu wa nyumbani alikuwa amegeuzwa mgeni ili asidhaniwe kuwa na la kusema.

"Gonga, Sanga!"

Nikagonga. Matroni hakumuuliza kama ameuzwa, wala kama anateswa. Mimi ningeuliza hivyo, na pengine ningeambulia kimya. Yeye aliuliza mambo ya kawaida, kwa sauti ya mtu anayepanga vikombe. Unalala wapi? Mlango hufungwa na nani? Ukitaka kwenda dukani, unakwenda? Kitambulisho chako anacho nani? Chooni je?

Majibu yakaja kidogo kidogo. Aliitwa Kotrida Kinunda. Yeye na mdogo wake Batilda waliahidiwa kazi ya hoteli Njombe na mama mmoja mpole aliyemletea bibi yao kanga. Mama huyo ndiye aliyekuwa nje ya mlango ameshika sahani. Wanawake wote wa kampuni walilala chumba kimoja, mlango ukafungwa kwa nje. Vitambulisho vilikwenda na havikurudi. Chooni walienda kwa ruhusa, na ruhusa ilikuwa adimu. Ndiyo maana kibofu kilikuwa kinamchoma kama moto. Aliyevua kidani, chumba kizima kilinyimwa chakula.

Nilikuwa nimekula maparachichi ya yule mama!

"Matroni, bonyeza," nikasema.

Nilimaanisha bangili. Kila mhudumu wa zamu huvaa bangili ya manjano yenye kitufe kimoja. Ukishuku tu kwamba mgonjwa anashikiliwa kinyume cha matakwa yake, sheria inataka ubonyeze. Taarifa inafika kikosi cha polisi, droni zinapaa, na milango ya kampuni inayotajwa inafungwa kwa mtambo. Ukishabonyeza hakuna kurudi nyuma.

Kotrida akamshika Matroni mkono kwa nguvu ambazo sikutegemea mwili ule ungekuwa nazo.

"Msibonyeze. Nawaomba."

Akaeleza. Walikuwa kwenye shamba jingine kabla ya hili, na huko nako daktari mmoja mwenye huruma alibonyeza. Mtambo ulipoanza kufunga milango, msimamizi aliona onyo kwenye kioo chake kabla ya polisi kuwasha injini. Wanawake wakapakiwa kwenye magari ya barafu, katikati ya makasha ya uyoga, wakasafirishwa. Polisi walikuta sakafu iliyofagiliwa. Yule mwenzao aliyepelekwa kwa daktari hawakumwona tena.

"Batilda yuko jikoni kule," akasema. "Mkipiga sasa mimi nitapona. Yeye atapotea."

"Na wewe ukirudi?" nikamuuliza, nikisahau kugonga. "Matroni, huyu akirudi kule tutaulizwa nini mbele ya Mungu? Sheria ni sheria. Bonyeza!"

Matroni alikuwa na kidole juu ya kitufe. Jasho lilimtoka puani, na baridi yote ile. Akakaa kimya, na ukimya wa Matroni Anyesi ni kitu kizito. Nilitamani apige kelele.

"Sanga," akasema hatimaye, "mtoto huyu amesemewa mpaka machozi yake yamesemewa. Leo amepata kusema neno lake mwenyewe, na neno lenyewe ni 'msibonyeze'. Nikibonyeza, tofauti yangu na kile kidani ni nini?"

"Tofauti ni kwamba wewe unamtakia mema!"

"Na kule ndani anakujua nani? Wewe? Mimi? Ni mtu mzima, akili anazo."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea sitalala tena maishani. Gonga basi, mashine imenyamaza."

Niligonga kwa hasira yote niliyokuwa nayo, na bado sikukubaliana naye. Hata leo, nikilifikiria peke yangu, sijui kama ningeweza kukiondoa kidole kile.

Akakiondoa. Akaishika mikono ya Kotrida, nadhani ili kumtuliza tu, akaitazama. Akaigeuza. Katikati ya vidole palikuwa na vipele vidogo vilivyokunwa mpaka kutoa maji. Akaanza kucheka, kile kicheko chake kinachonikera, ila safari hii amekibana kwa kiganja.

"Upele! Mnalala mkichangia mablanketi?"

"Wote."

"Na Batilda?"

"Tunalala blanketi moja."

Ewe mwanamke! Nilielewa kabla hajafafanua. Upele hautibiwi kwa mtu mmoja. Ukimpaka dawa huyu ukamwacha anayelala naye, kesho wamerudishiana. Kanuni yetu ni kwamba wote wanaolala pamoja wanapakwa siku moja, kuanzia shingoni mpaka nyayoni, na dawa haipakwi juu ya kidani. Hapakuhitajika uongo hata chembe.

Matroni akamweleza Kotrida polepole, kisha akamwachia uamuzi. Angeweza kulazwa, abaki salama, sisi tujaribu kuwaita wengine. Au arudi.

"Nikibaki watajua," Kotrida akasema. "Na bila mimi Batilda hawezi kuondoka jikoni. Narudi."

"Kesho adhuhuri ikifika hamjaja, nitabonyeza. Unanikubalia hilo?"

Akafikiri, akitazama ile mashine mfu. "Nakukubalia."

Tulipotoka, Matroni alikuwa amerudia sauti yake ya mnadani. Akamwambia Mama Jenifa kwamba picha haina tatizo kubwa, kibofu kimepata maambukizi, dawa hii hapa. "Lakini binti yako ana upele, mama! Kesho asubuhi niletee chumba kizima."

"Ah, hilo dogo," Mama Jenifa akasema kwa utamu. "Bwana Sanga atanifungia dawa ya wote, nitawapaka mwenyewe. Yeye ni hodari wa kufunga haraka."

Na mkono wangu ukaenda kwenye rafu wenyewe! Ndivyo tulivyokuwa tumezoea: Mavuno Marefu wakiomba, mimi nafunga, wanaondoka, foleni inasonga. Nilikuwa nimeshagusa boksi la dawa nilipoona uso wa Kotrida. Nikajifanya nalipangusa vumbi.

"Hii hapana, mama," nikasema. "Ikipakwa ovyo inarudi mara mbili. Anapaka muuguzi."

"Na mimi sitaki kuwaandikia watu wa afya ya mimea," Matroni akadakia, "kwamba kuna mikono ya upele inashika uyoga wa kusafirishwa. Wanunuzi wenu wakisikia, mtauza kwa nani?"

Uso wa Mama Jenifa ukabadilika, kisha ukarudi mahali pake. Akakubali. Akamvalisha Kotrida kidani kwa upole, kama mama amfungavyo mtoto kitambaa, nacho kikawaka na kusema kwa ile sauti laini: "Asanteni sana kwa huduma nzuri."

Siku iliyofuata nilikataa hata chai. Nilimwambia Matroni kwamba wasipokuja, damu yao iko juu yake. Akanijibu kwamba anajua, na nisimsumbue, nikakoroge dawa ya kutosha. Alikuwa amevaa gwanda lililofuliwa likanyooshwa, na manukato yake yale ya kupasua pua, kana kwamba anakwenda harusini.

Basi la kampuni likafika ukungu ukiwa bado haujainuka. Wakashuka wanawake wamefinya macho, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na shaba yake kooni. Kotrida alikuwemo! Nikamshukuru Mungu kwa sauti, Matroni akanikata jicho.

Wakaingia nyuma ya pazia, wauguzi wa kike wakaanza kuwapaka. Vidani vilikusanywa kwenye beseni, mimi nikalibeba mpaka stoo na kulifunika kwa magodoro. Kisha nikarudi kusimama nje ya pazia, kazi yangu kupitisha dawa kwa mkono. Mama Jenifa alikuwa mapokezi akinywa chai yetu.

Nikasikia Matroni akiuliza kwa sauti ya chini, "Kotrida, mko wote?"

"Bado." Kutu ile ile. "Batilda hayupo. Wamesema wa jikoni hawezi kuachwa na sufuria."

Nikasogeza kichwa karibu na pazia bila kutazama. "Matroni, hawa wote wameshatoka! Bonyeza uwaokoe hawa!"

"Umemsikia. Bado."

Akapita mbele yangu kama treni ya mizigo, akaenda mapokezi, na hapo nilishukuru kwa mara ya kwanza kwamba Mungu alimpa koo lile. "Mama Jenifa! Umeniletea watu wote ukaacha mpishi? Mpishi? Anayekanda unga kwa mikono ile? Unataka kampuni nzima ijikune? Mlete, au hawa nawarudisha bila dawa, na simu kwa watu wa mimea napiga mwenyewe, hapa hapa, unanisikia!"

Wagonjwa wengine wakaanza kunong'ona na kujikuna. Mama Jenifa akatazama huku na huku, akatoa simu, akaamuru mpishi aletwe.

Tukasubiri. Wauguzi walipaka dawa polepole kuliko nilivyowahi kuona dawa ikipakwa. Mwanamke mmoja mtu mzima alipakwa mgongo mara tatu. Ukungu ukainuka, jua likapanda, na mimi nikawa naliangalia kivuli cha mlingoti wa bendera kikifupika uani.

Kigari cha kampuni kikaingia. Binti mdogo wa umbo akashushwa, aproni bado imefungwa kiunoni. Matroni akampokea kwa kishindo, akimsemesha habari za usafi wa jikoni, akamvusha pazia. Kidani chake kikapitishwa kwangu, nikakipeleka kwenye magodoro mbio mbio.

Niliporudi sikusikia neno, nilisikia kilio tu, cha watu wawili waliozibana midomo kwa mabega ya wenzao.

"Kidole ni changu," Matroni akasema, "lakini neno ni lenu."

Kotrida aliwageukia wenzake. "Na nyinyi?" akauliza. Kila mmoja akajibu kivyake; mmoja kwa lugha nisiyoijua, na palikuwepo mwenzake wa kuifasiri. Yule mtu mzima aliyepakwa mara tatu alisema anaogopa, lakini ndiyo.

"Piga," Kotrida akasema.

Sikuisikia bangili, haina mlio. Lakini baada ya muda nilisikia droni juu ya bati, na Mama Jenifa akaweka kikombe chake chini, akasimama, akakuta mapokezi yamejaa watu wanaojikuna na hakuna aliyempisha njia.

Polisi walipomaliza kumchukua, afande mmoja wa kike akaja chumba cha kupakia dawa. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, weupe kwa dawa, wamejifunga mashuka ya hospitali. Afande akawasha kinasa sauti, akatazama mikono na shingo zile, kisha akamgeukia mwenye gwanda.

"Matroni, naona wewe ndiye unayeijua habari hii. Nieleze kuanzia mwanzo."

Nikajiandaa. Nilijua itachukua mpaka jioni, na kwamba mashine mbovu, kisigino, na meno ya bandia yote yatakuwemo, yakiwa yametiwa chumvi. Na kwa kweli alistahili; ningemsikiliza. Matroni Anyesi Mlowe akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Akaufunga. Akavuta kiti, akakiweka mbele ya afande, akampisha Kotrida.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Kotrida akakaa. Akashika koo lake, pale palipobaki mstari mwekundu wa shaba, akakohoa.

"Naitwa Kotrida Kinunda," akasema. "Naomba maji kwanza. Ni habari ndefu."

Nikakimbia kumletea maji.